Kitabu Kipo, Msomaji Hakioni
Mhadhara kwa walimu, wakutubi na wasomaji wa tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro



Mada niliyopewa ni maktaba, na huenda mlitegemea nianze na uhaba wa vitabu. Uhaba upo, na mtu wa Sale hahitaji kusomewa mhadhara ili aujue. Mimi nataka kuzungumzia vitabu ambavyo tayari tunavyo. Mengi yaliyoandikwa juu ya nchi hii, tangu Karatu hadi Sale, yamekwisha kununuliwa, yakagongwa mihuri, yakabandikwa namba na kupangwa kwenye rafu za maktaba zetu na za ng'ambo. Hata hivyo kijana wa hapa akiyatafuta kwa maneno ya hapa, kompyuta inamjibu kwamba hakuna kitu. Kosa si la kijana. Ni letu sisi tunaotengeneza katalogi, hasa kwa namna katalogi hizo zinavyopokea swali la msomaji na kumwonyesha majibu. Na linarekebishika kwa gharama ndogo, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu shida nyingi za maktaba.

Nianze na kitabu kimoja. Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha, kwa niaba ya International African Institute ya London, kitabu cha mwanaanthropolojia Robert F. Gray kiitwacho The Sonjo of Tanganyika. Kinaeleza maisha ya vijiji vya huku: mifereji inayotoka kwenye chemchemi, wenamiji, yaani wazee wa baraza la kijiji, na mamlaka yao juu ya maji, koo, ndoa, ibada. Mtu anayeandika tasnifu juu ya kilimo cha umwagiliaji hapa Sale hawezi kukiruka kitabu hicho, hata kama nia yake ni kukipinga. Sasa itazameni rekodi yake, kwa jinsi rekodi za namna hiyo zinavyokuwa katika katalogi nyingi. Kuna jina la kitabu. Kuna jina la mwandishi, likianzia na Gray. Kuna mchapishaji na mwaka. Kwenye mada kuna neno Sonjo. Basi.

Mwanafunzi wa Digodigo anaketi mbele ya kompyuta ya chuo, au anashika simu yake. Anaandika Batemi, kwa kuwa ndivyo watu wake wanavyojiita. Sonjo ni jina la kupewa na majirani Wamaasai. Hakuna kilichopatikana. Anaandika Wasonjo. Hakuna, kwa sababu mashine inalinganisha neno zima na neno zima, na kwake Wasonjo na Sonjo ni vitu viwili visivyojuana. Anaandika Sale, jina la tarafa yake. Hapo vitabu vinamiminika, ila ni vitabu vya Kiingereza vya biashara na mauzo. Anaandika umwagiliaji: hakuna, maana rekodi yote ni ya Kiingereza. Anaandika Ngorongoro, na kurasa zinajaa simba, faru na utalii. Akijaribu Tanzania, kitabu hiki bado hakitoki, kwa kuwa jina lake linasema Tanganyika.

Kila neno alilotumia ni sahihi. Kitabu kiko ghorofa ya juu ya jengo hilohilo alimo. Ataondoka akiamini kwamba hakuna aliyewahi kuandika chochote juu ya kwao, na pengine atalisema hilo katika sura ya pili ya tasnifu yake. Jambo hili linaniuma kuliko kitabu kuibiwa. Kilichoibiwa walau tunajua kimeibiwa, tunaagiza kingine.

Wakubwa mliosoma zamani mnakumbuka makabati ya kadi. Droo ndefu, kadi zimetobolewa chini na kupitishiwa chuma ili zisichomolewe. Mwaka 1876 mkutubi wa Boston, Charles Cutter, aliandika kanuni za kutengeneza katalogi. Alitaka katalogi imwezeshe mtu kukipata kitabu anachokifahamu, imwonyeshe maktaba ina nini cha mwandishi fulani au juu ya jambo fulani, kisha imsaidie kuchagua. Ndani ya droo hizo, mbali na kadi za vitabu, kulikuwa na kadi zisizo na kitabu chochote. Moja iliandikwa: tazama. Nyingine: tazama pia. Kadi ya Batemi ingesema, tazama Sonjo. Kadi ya Sonjo ingesema, tazama pia Engaruka, tazama pia umwagiliaji. Tena droo haikuwa na uwezo wa kumwambia msomaji kwamba hakuna kitu. Ukikosea herufi, kidole chako kinaangukia kadi ya jirani, unasoma, unarudi nyuma kidogo, unaona hili na lile, na mara nyingi unaondoka na kitabu ambacho hukukijia.

Kompyuta ilipoingia, haikulazimika kutunyang'anya haya. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram wa Library of Congress, Marekani, aliongoza kazi ya kubuni MARC, muundo wa rekodi ambao bado tunautumia, na katika muundo huo maagizo ya tazama na tazama pia yana mahali pake kamili. Sisi ndio tulioyaacha. Tulipohamisha kadi, mara nyingi tulihamisha za vitabu tu. Tukaweka kisanduku kimoja cha kuandikia, tukasema msomaji aulize anachotaka. Anauliza, na kisanduku hakina wa kumwelekeza.

Lipo pia suala la mahali rekodi zetu zinakotoka. Tangu 1966 Library of Congress ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki na kuyaandalia rekodi. Ni kazi kubwa na nzuri, na vipo vitabu vya Kiswahili ambavyo leo ni rahisi kuviona katika katalogi ya Washington kuliko katika katalogi yoyote ya nyumbani. Mkutubi wa Arusha au Dar es Salaam anapopokea kitabu, hunakili rekodi iliyokwisha kutengenezwa. Simlaumu. Kunakili kunaokoa muda, na mikono yetu ni michache. Lakini rekodi ile ilitengenezwa kwa ajili ya msomaji wa kule, kwa mada za Kiingereza. Ikifika hapa inahitaji kuongezewa maneno ya msomaji wa hapa, na MARC ina sehemu yenye namba 653 ambamo mkutubi anaweza kujaza maneno huru bila kuomba kibali kwa mtu. Umwagiliaji, mifereji, Batemi, Wasonjo, Sale, Ngorongoro, Tanzania: maneno saba, na yule mwanafunzi wa Digodigo amekipata kitabu.

Katika eneo hili letu tatizo la majina ni zito kuliko sehemu nyingi za nchi, na nitalikalia kidogo. Wairaqw wa Karatu wameandikwa pia Wambulu. Wadatoga wamo vitabuni kama Tatoga na Datooga, tawi lao moja ni Barabaig, na kwa watu wengi wanaitwa Mang'ati. Wahadzabe ni Hadza, Hatsa, Kindiga, Watindiga. Maasai zamani waliandikwa Masai, kwa a moja. Msomaji akiandika jina moja kati ya hayo, katalogi iliyotengenezwa vizuri humletea yaliyoandikwa kwa majina yote, na juu ya ukurasa humwambia waziwazi: uliandika Watindiga, haya ni yaliyo chini ya Hadzabe.

Hapo naomba wakutubi wanisikilize kwa makini, maana kuna adabu ndani yake. Mang'ati ni neno la Kimaasai la kumwita adui. Jina kama hilo hatuwezi kulifuta katika jina la kitabu cha zamani, na hatuna budi kulipokea msomaji anapoliandika, kwa kuwa huenda ndilo pekee alilowahi kulisikia. Lakini halipaswi kuwa ndilo tunalolichapa kwa herufi nene kama kichwa cha mada. Lipokelewe mlangoni, kisha ukurasa uonyeshe jina ambalo watu wenyewe wanalitumia. Kompyuta inaweza kufanya hivyo kwa urahisi ambao kadi haikuwa nao. Kuliamua jina lenyewe ni kazi ya kuwauliza wenye nalo, na wengine mmeketi hapa mbele yangu.

Au chukueni habari za Ghambageu, shujaa mtakatifu wa Batemi, ambaye kila mtoto wa Kibatemi amesimuliwa. Katika miaka ya 1950 mtafiti Henry Fosbrooke aliandika makala juu yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akatumia tahajia ya Hambageu. Gray, mwaka 1963, akaandika Khambageu. Wengine wanaanza na G. Katika orodha inayopangwa kwa alfabeti, G, H na K ziko mbali, na anayefungua pa G hatajua kamwe kwamba pa K kuna kitu. Hapa hakuna wa kumkosoa; sauti ile ya mwanzo inawashinda walioandika kwa herufi za Kiingereza. Ila mtu mmoja anayeijua lugha angeweza kuziunganisha tahajia hizo tatu kwa muda wa kunywa chai.

Lugha yenyewe ina yake. Rekodi za MARC huonyesha lugha ya kitabu kwa alama ya herufi tatu. Kiswahili ni swa, Kimaasai ni mas. Kitemi, lugha ya Batemi, hakimo katika orodha hiyo ya zamani ya alama, kwa hiyo kitabu cha Kitemi huingizwa pamoja na lugha nyingine za Kibantu zisizo na alama. Katika orodha mpya na pana zaidi ya kimataifa Kitemi kina alama yake, soz, na MARC inaruhusu kuiandika mradi utaje umeitoa wapi. Msomaji anayechuja matokeo kwa lugha ataiona lugha ya mama yake kwenye kioo ikiwa tu mkutubi amejisumbua kuiandika.

Majina ya mahali nayo yamehama. Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Baadaye ikawa wilaya yenyewe. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ukazaliwa na Mbulu ikaenda huko, Karatu ikabaki Arusha. Ripoti ya kilimo ya Karatu ya miaka ya 1970 imeandikwa chini ya Mbulu, na anayeitafuta leo kwa mpaka wa leo haioni. Ya wakati wa Waingereza iko chini ya Jimbo la Kaskazini.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa dawa kwa shilingi 500 kikombe, na watu wakaja kwa maelfu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Wote walisema wanakwenda Loliondo. Nanyi mnajua kwamba walikuja Samunge, na Samunge iko Sale. Magazeti yaliandika Babu wa Loliondo, na watafiti wakafuata magazeti. Jina la mchungaji mwenyewe limechapwa Mwasapile na Mwasapila. Kwa hiyo anayetaka kusoma juu ya Samunge ni lazima aandike Loliondo, jina la tarafa nyingine. Katalogi isibishane na jina lililozoeleka. Ilipokee, halafu kwenye mada iandike Samunge, ili historia ya kijiji hiki ipatikane kwa jina la kijiji hiki.

Sasa niingie kwenye Kiswahili, ambako naona uzembe wetu umekuwa mkubwa zaidi, kwa sababu hili hakuna mgeni atakayetufanyia. Mashine nyingi za kutafutia zilifunzwa Kiingereza kwanza. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, ili mtu akiandika neno katika umoja apate na wingi wake, akiandika kitendo apate na mtendaji. Kiswahili hakibadiliki mkiani peke yake, kinabadilika kichwani. Mfugaji yuko pa M, wafugaji pa W, ufugaji pa U, mifugo pa M tena lakini mbali. Wimbo na nyimbo haviko hata kwenye ukurasa mmoja. Ile nyota tunayowafundisha wanafunzi kuiweka mwishoni mwa neno ili kupata ndugu zake wote haisaidii kitu: ukiandika fug na nyota, mashine inatafuta maneno yanayoanza na fug, na wafugaji haianzi hivyo. Nyota ya mbele, mifumo mingi inaikataa au inachukua muda mrefu kuijibu.

Dawa ziko mbili. Ya kitaalamu ni kuipa mashine uwezo wa kuchambua neno la Kiswahili hadi kwenye mzizi, na kazi hiyo inawezekana: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kujenga SALAMA, mfumo unaochambua Kiswahili namna hiyo. Dawa ya pili ni ya mkono, na inaweza kuanza wiki hii. Mashine ya Elasticsearch, ambayo mifumo mingi ya maktaba inaweza kuunganishwa nayo, inakubali orodha ya maneno yanayohesabika kuwa kitu kimoja. Unaiandika kwa mistari: mfugaji, wafugaji, ufugaji, mifugo. Mfereji, mifereji, umwagiliaji. Mzee, wazee. Mwalimu wa Kiswahili na darasa lake wanaweza kuandaa orodha kama hiyo kwa maneno ya kilimo, mifugo, afya, elimu na dini, nayo ikatumika katika maktaba zote. Nasisitiza iandaliwe na mtu, kwa kuwa ukiiachia mashine ikate kila wa- inayoiona mwanzoni, itakata hata ya wakati na ya wali.

Kutafuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni msomaji anaona nini akishapata. Tuchukue Shakespeare kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caezar, kikatoka 1963. Akakirekebisha, kikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo 1969 kikatoka Mabepari wa Venisi. Katika katalogi ya kawaida vinaonekana kama vitabu visivyohusiana, vimetawanyika katikati ya matoleo ya Kiingereza ya tamthilia zilezile, na msomaji hawezi kujua kwamba viwili vya mwanzo ni kazi moja iliyoboreshwa. Mwaka 1998 shirikisho la vyama vya wakutubi duniani, IFLA, lilitoa mwongozo wa kutenganisha kazi yenyewe, tafsiri zake, matoleo yake, na nakala iliyo rafuni. Ukiufuata, kioo kinaonyesha jina la tamthilia mara moja, chini yake tafsiri za Nyerere, chini yake miaka, na mwisho nakala ipi ipo. Tenzi zetu zinahitaji hili kuliko chochote. Utendi wa Tambuka umeandikwa pia Utenzi wa Tambuka, na jina lake jingine ni Chuo cha Herekali; anayejua moja ni haki yake kuyaona yote. Na mtu akiandika James Ngugi, jina lililokuwa juu ya Weep Not, Child mwaka 1964, apelekwe kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na asilazimishwe kuandika alama juu ya herufi ambazo simu yake haina.

Kwenye simu, kioo kina nafasi ya mistari michache, na wasomaji wetu wengi wanatumia simu. Mistari hiyo tunaijaza nini? Mara nyingi ni nembo ya taasisi, menyu, tangazo la saa za kazi la mwaka juzi, kisha ndipo kitabu. Mtu amenunua bando kwa fedha yake. Kile anachohitaji kwanza ni jina la kitabu, mwandishi, mwaka, lugha, na kama kipo au kimeazimwa. Kisha tawi na namba ya rafu. Picha ya jalada ipakuliwe akiiomba. Ranganathan, mkutubi wa India, alikwisha kuandika mwaka 1931 kwamba ni sheria kumwokolea msomaji muda wake, na kwetu sheria hiyo inagusa na mfuko.

Vichujio vilivyo pembeni ya matokeo ni msaada mkubwa, nao si vipya tena. Mwaka 2006 chuo kikuu cha North Carolina State kilionyesha katalogi iliyoyagawa matokeo kwa mada, eneo, lugha na mwaka, na maktaba nyingi duniani zikafuata. Kwa neno kama Ngorongoro hakuna njia nyingine ya haki. Msomaji aone kwamba kati ya yaliyopatikana kuna wanyamapori, kuna utalii, kuna mabaki ya kale ya Olduvai na Laetoli, kuna sheria ya ardhi, kuna wafugaji, kuna umwagiliaji, agonge anapotaka. Bila hivyo wingi wa vitabu vya wanyama unawafunika watu. Tangu eneo la hifadhi lilipoundwa mwaka 1959 mengi yamechapishwa juu ya wanyama hao, nami sina ugomvi nayo. Nataka tu binadamu wa huku asizikwe ukurasa wa tisa. Kwenye simu, lakini, vichujio hivyo mara nyingi husukumwa chini kabisa ya ukurasa. Vipandishwe juu.

Kuhusu kutembea rafuni kwa macho, Koha, programu ya bure iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000 na ambayo maktaba nyingi za Afrika Mashariki zinaitumia, ina sehemu ya kuonyesha vitabu vilivyo kushoto na kulia kwa kile unachokitazama. Mkutubi anaiwasha kwenye mipangilio, hailipiwi. Lakini atakapoiwasha ataona mambo. Zipo namba zilizoandikwa kwa nafasi katikati, nyingine bila nafasi, nyingine herufi zimetangulia tarakimu, na mashine inazipanga ovyo. Tena kuna hili: katika matoleo ya zamani ya Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, vitabu vya makabila viliwekwa 572. Baadaye somo hilo likahamishiwa 300 na ushee, na tangu toleo la 1996 namba 572 ni ya biokemia. Maktaba ambayo haikubadilisha namba za vitabu vyake vya zamani itamwonyesha msomaji desturi za Waafrika zikiwa jirani na protini na vimeng'enya. Kubandika namba mpya ni kazi ya mikono na gundi. Wapeni wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaotoka chuo chetu cha ukutubi cha Bagamoyo. Watajifunza Dewey vizuri kuliko kwa kukariri.

Makala ya Fosbrooke niliyoitaja inaonyesha pengo jingine. Katalogi inakuambia maktaba ina Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936. Haikuambii ndani mna nini. Yaliyoandikwa humo juu ya Engaruka, juu ya Ngorongoro, juu ya Wasonjo, yamefungiwa ndani ya majalada yenye mgongo mmoja. Sitegemei maktaba iandike rekodi ya kila makala ya kila jarida. Ila maktaba ya mkoa wa Arusha ikichagua makala zinazohusu wilaya za mkoa wake tu na kuziandikia rekodi, itakuwa imeupa mkoa huu maktaba ya pili bila kununua kitabu.

Najua mtaniuliza kama Google haitoshi. Google inaona kilichowekwa mtandaoni. Rafu ya Arusha haiioni, na haijui kwamba nakala ya pekee unayoihitaji iko kwenye Mkusanyiko wa East Africana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hilo ni katalogi pekee inayoweza kulisema, tena ikisema na njia ya kuomba nakala ya kurasa chache, maana si kila mtu ana nauli ya kutoka Wasso, wilayani kwetu, hadi Dar es Salaam.

Na mtauliza nani afanye. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ipo kwa sheria ya 1963 iliyorithiwa na ile ya 1975, na Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, iko mahali pazuri pa kutunza orodha moja ya majina ya watu, makabila na mahali, ambayo kila maktaba nchini ingechota humo. Jina likirekebishwa mara moja, limerekebishwa kote. Hilo naliomba kwa Bodi kwa heshima, na naliomba hadharani.

Lakini orodha hiyo haiwezi kuandikwa Dar es Salaam peke yake. Wazee wangu, ninyi ndio mnaojua vijiji vya Batemi viliitwaje kabla ya ramani, chemchemi ipi ina majina mawili, ukoo upi umeandikwa vibaya. Walimu, chukueni daftari moja hapa shuleni. Upande wa kushoto andikeni jina kama watu wanavyolisema, upande wa kulia namna zote mlizoliona limeandikwa kitabuni, gazetini na kwenye vibao vya barabarani. Fanyeni hivyo kwa watu, mahali, mimea na sherehe. Mkimaliza kurasa chache, msisubiri ziwe nyingi, zipelekeni maktaba ya mkoa Arusha mkononi, na mkutubi atakayezipokea aziingize kwenye katalogi, kisha awaandikie kuwajulisha zimeingia.